Pale Madeline Alipokataa

Jumatatu, 4 Februari

Meli imefika. Bahari ilikuwa tulivu, kwa hiyo abiria wameshuka bila kulowa sana. Kati yao yuko msichana wa ramani. Anaitwa Ilse, katokea Cape Town, ana miguu mirefu na mkoba asiotaka mtu yeyote aushike. Baraza limeamua alale kwetu, eti tuna chumba cha ziada. Desmond, mume wangu, ana maelezo yake: "Wamemleta kwako kwa sababu wametafuta mtu mwenye maswali mengi kuliko mgeni."

Sikubisha. Nilikuwa tayari nimeshamuuliza Ilse kama ana wachumba wangapi.

Kazi yake ni ramani mpya ya kisiwa, yenye majina tunayoyatumia sisi wenyewe. Ile ya zamani iliandikwa na maofisa wa manowari waliopita hapa kwa siku chache na kuyapa majabali majina ya mabwana zao. Meli itakwenda kwanza visiwa jirani vya Nightingale na Kisichofikika kuvua kambakoche, kisha irudi kumchukua yeye na ramani yake. Kama siku kumi hivi, upepo ukitaka.

Clive, mwenyekiti wetu, ametoa sharti. Jina haliandikwi mpaka watu wawili wakubaliane lilipo. Wawili wakubaliane! Hapa? Hata mlango wa kanisa tutaugombania uko upande gani.

Jumatano, 6 Februari

Nimetembea na Ilse kutwa nzima mpaka kwenye mashamba ya viazi na kurudi. Miguu imekufa. Lakini nimefurahi, sijui niseme vipi. Siku zote napita njia ile ile nikiwaza viazi, na leo nilikuwa nasimama kila hatua na kusema: hapa panaitwa hivi, pale panaitwa vile.

Pale Punda Alipokaa. Korongo la Viatu vya Tom. Mjerumani Alipolia. Pale Walipodhani Ni Nyangumi.

Ilse anaandika, anaandika, mara akainua kichwa. "Dada Verna, mbona kila mahali pana balaa? Hapana hata sehemu moja ambayo mtu alifika salama?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Nikamwambia mtu akifika salama hapana haja ya kupakumbuka. Mlima huu umejaa makorongo yanayofanana. Ukimwambia mwenzako kondoo wamepotelea kwenye korongo, atakuuliza korongo lipi, na utamjibu: lile Tom aliloacha viatu. Basi. Hakuna mtu hapa anayechagua jina lake libandikwe wapi. Unaanguka, watu wanacheka, na siku ya pili unasikia pamekuwa pako.

Akauliza kama mimi nina pangu. Desmond, aliyekuwa anapita na punda, akadakia kabla sijafungua mdomo: "Anapo! Kona ya Verna na Ndoo. Ilikuwa maziwa ya shule nzima, hiyo."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Pameandikwa, na watu wawili wamekubaliana. Watu wawili! Kijiji kizima kilijipanga kutia sahihi.

Ijumaa, 8 Februari

Mtungi wa gesi tunaoutumia kama kengele umegongwa alfajiri, siku ya uvuvi. Wanaume wote wameingia baharini, kijiji kimebaki na wanawake, wazee na mbwa. Nikampeleka Ilse upande wa mashariki, kwenye lava.

Kila mtoto hapa anaijua hadithi. Mlima ulipasuka pembeni mwa nyumba zetu, watu wakapakiwa kwenye mashua, wakapelekwa Uingereza, wakakaa huko karibu miaka miwili wakikohoa, halafu wakapiga kura kurudi. Mimi nilizaliwa baada ya kurudi. Kwangu mimi lava ni lava tu, kilima cheusi cha mawe yenye makali ambacho tulikatazwa kuchezea. Ilse ndiye aliyeuliza jambo ambalo mimi, kwa pua yangu yote hii, sikuwahi kuuliza.

"Chini yake kuna nini?"

Chini yake kuna pwani. Pwani mbili, ndogo na kubwa, ambako mashua zilikuwa zinaegeshwa. Hilo nalijua. Lakini pwani ile nayo si ilikuwa na mawe, na mawe si yalikuwa na majina? Nikahisi kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichowahi kukifungua.

Tukarudi kwa kina mama waliokuwa wanachambua sufu nyuma ya ukumbi. Nikawauliza. Wakaanza kuyataja kama watu wanaohesabu wajukuu. Bakuli la Mchungaji. Mlango wa Chumvi. Pale Mashua Ilipokula Mtu Kidole. Halafu shangazi Gertrude akasema, bila hata kuinua macho kwenye sufu yake, "Na Pale Madeline Alipokataa."

Mmoja akamkanyaga mguu, niliona.

Madeline ni mama yangu. Ni miaka tisa sasa tangu tumzike.

"Alikataa nini?" nikauliza.

"Muulize baba yako, Hartley," akasema shangazi Gertrude. "Mimi nachambua sufu."

Jumapili, 10 Februari

Baada ya ibada nimempikia Baba nyama ya kondoo na viazi, nikamwacha ale ashibe, ndipo nikauliza. Nimejifunza kwa Mama: Baba hajibu akiwa na njaa.

Akaendelea kufuta sahani kwa kipande cha mkate mpaka ikang'aa. Kisha akasema mambo yote kwa mkupuo, akitazama dirishani.

Siku ya kuondoka, bahari ilikuwa inapanda. Yeye alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, ameshika kamba ya mashua isije ikapigizwa kwenye mawe. Kila mtu alipanda. Mama alikuwa juu ya jiwe bapa pale ufukweni, amekunja mikono. Akasema haendi. Watu wakambembeleza. Haendi. Mlima nyuma unanguruma, moshi unashuka, na yeye amesimama pale na kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayesubiri chai. Basi Ambrose, aliyekuwa mshika usukani, akaruka chini, akambeba begani, akamwingiza kwenye mashua.

"Mke wangu," Baba akasema. "Miezi minne tangu kumwoa. Kabebwa na mwanamume mwingine kama gunia la viazi, kisiwa kizima kinatazama, na mimi nimeshika kamba."

"Lakini Baba, ungeiachia kamba mashua ingevunjika."

"Najua."

"Na Mjomba Ambrose ni binamu yake Mama."

"Najua, Verna."

Akaisukuma sahani pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Hakukataa mashua. Alikataa kwenda na mimi."

Nikamuuliza kama Mama ndiye aliyemwambia hivyo. Akasema hakumuuliza. Miaka yote ile, kitanda kimoja, meza moja, hakumuuliza! Nilitaka kumtikisa. Nikaosha vyombo badala yake, kwa kelele.

Sasa naelewa jambo ambalo tangu utotoni nilikuwa naliona kama hali ya hewa tu, lipo kwa sababu lipo. Baba na Mjomba Ambrose hawasemezani. Wamevuta mashua moja mpaka walipozeeka, Ambrose nyuma kwenye usukani, Baba kasia la mbele. Desmond aliwahi kukaa katikati yao misimu sita. Anasimulia ilivyokuwa: "Mjomba ananiambia, mwambie wa mbele avute. Nageuka, namwambia Baba avute. Baba ananiambia, mwambie wa nyuma navuta tangu jana. Mimi nilikuwa posta, mke wangu. Posta yenye makasia." Na mvuta kasia hukaa ametazama nyuma. Kwa hiyo wametazamana usoni, siku zote hizo.

Jumatatu, 11 Februari

Nimekwenda kwa Mjomba Ambrose. Nimebeba keki za viazi ili nisionekane nimekwenda kuchokonoa, lakini alinisoma mlangoni.

"Gertrude kashasema," akasema. "Kaa. Weka hizo keki karibu."

Amekonda, goti la kulia limemwisha, anatembelea fimbo. Nikamuuliza ilikuwaje. Hadithi yake ni ile ile, neno kwa neno karibu: jiwe, kamba, bega. Tofauti ni moja. Alisema, "Na alikuwa ananisemesha sikioni njia nzima, toka kwenye jiwe mpaka kwenye mashua."

"Alisema nini?"

Akatafuna keki. Nikasubiri. Mimi kusubiri siwezi.

"Mjomba, alisema nini?"

"Yaliyosemwa yalikuwa ya mumewe. Akiniuliza, nitamwambia."

"Basi niambie mimi nimfikishie."

"Mumeo keshakuwa posta, na wewe unataka? Hapana, mwanangu. Mara hii aje mwenyewe."

Nimerudi nyumbani nimejaa hasira na udadisi, sijui kipi zaidi. Desmond ananiambia nilale. Nilale vipi? Kuna maneno ya mama yangu kisiwani hapa, yako nyumba ya nne kutoka kwangu, na siruhusiwi kuyasikia.

Jumatano, 13 Februari

Baba kaja mwenyewe asubuhi, kavaa koti la kanisani. Kasimama mlangoni na kumwambia Ilse, siyo mimi, "Ile sehemu ya mke wangu. Iandike."

Ilse akafurahi, akafungua ramani mezani. Sehemu ya lava ni nyeupe tupu, hana jina hata moja pale. Akauliza iko wapi. Baba akaiangalia ile karatasi kwa muda. "Humo sipaoni," akasema. "Lazima nisimame."

Nikamuuliza kwa nini sasa, baada ya kuficha miaka yote. Akasema alikuwa anapita jana karibu na Kona ya Verna na Ndoo, akafikiri: mwanangu atakumbukwa kwa ndoo, Tom kwa viatu, hata yule Mjerumani ana pake pa kulilia. "Mama yako ana kaburi tu. Kaburi ni la kila mtu."

Basi kumetokea shida ya Clive. Wawili wakubaliane. Nimezunguka kijijini kutwa. Kila mzee anajua Pale Madeline Alipokataa, na kila mmoja ananyooshea kidole upande wake. Shangazi Gertrude anasema karibu na bahari. Dada yake anasema karibu na nyumba, wakaanza kurushiana maneno juu ya jambo lingine la mwaka wa nyuma. Clive mwenyewe alikuwa mtoto wa kunyonya siku ile na bado ana maoni.

Baba akawasikiliza wote, akatikisa kichwa. Kisha akanieleza, na nilijisikia mjinga kwamba sijawahi kujua. Jiwe lile bapa ndilo mashua zilikuwa zinalilenga zikiingia pwani. Kuna alama mbili za kuliingilia. Mvuta kasia wa mbele anaangalia ubavuni: ncha ya Kisichofikika ichomoze kidogo tu pembeni mwa kilima cha magharibi, kama pua kwenye mlango. Mshika usukani anaangalia nchi kavu: dohani ya shule ya zamani ikae chini ya korongo. Alama moja inakupa mstari. Mstari ni mrefu, jiwe linaweza kuwa popote juu yake. Ya pili ndiyo inayoukata.

"Na ya pili wewe huijui sawasawa?"

"Korongo lipi, upande gani wa dohani, sijui. Mimi nilikuwa nimeipa mgongo."

"Kwa hiyo anayeijua ni..."

"Nimeshasema nimeipa mgongo, Verna."

Wengine wa mashua ile wote wako makaburini. Nikavaa viatu, nikaenda nyumba ya nne.

Mjomba Ambrose akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Amekutuma?"

Nikasema ukweli. Hakunituma, ila hakunizuia nilipochukua viatu.

"Kwa mtu yule," akasema, "hiyo ni hotuba." Na atakuja. Siku ya kwanza kavu, atakuja.

Ijumaa, 15 Februari

Mvua. Lava haipandiki. Meli imeonekana nyuma ya kilima, imerudi, inasubiri bahari itulie. Ilse amefunga mizigo yote isipokuwa ramani. Baba kakaa jikoni kwangu tangu asubuhi na koti lile lile la kanisani. Anakunywa chai yangu yote.

Jumamosi, 16 Februari

Naandika juu ya lava, nimekaa kwenye jiwe, daftari liko gotini. Nikingoja kufika nyumbani nitakuwa nimeanza kulipamba.

Kumekucha kweupe, bahari imelala. Meli itapakia na kuondoka adhuhuri, mara ya mwisho mpaka Aprili. Ilse lazima awemo na ramani lazima iwe imekwisha, maana ikifika Cape Town inakwenda kuchapwa moja kwa moja. Clive amekuja kushuhudia. Amevaa tai.

Baba aliingilia upande wa nyumba, mimi nimemshika mkono, na tulipofika mahali akanitoa mkono akasema niache. Alikuwa ameiona pua ya Kisichofikika. Kuanzia hapo alikwenda kama mtu anayetembea juu ya ukuta, jicho moja kule magharibi, mguu unapapasa. Mara ncha inazama nyuma ya kilima, anarudi nusu hatua, inachomoza, anaendelea. Sijawahi kumwona akitembea taratibu hivyo, wala kwa uhakika hivyo. Chini ya viatu vyake kuna pwani, nilikuwa nawaza, kuna pwani nzima na mchanga wake mweusi, na yeye anaijua.

Mjomba Ambrose alianzia juu, upande wa shule, Desmond na fimbo wakimsaidia. Anakwenda kinyumenyume! Ndiyo njia pekee ya kuiweka dohani machoni. Desmond anamwelekeza pa kukanyaga, "nyuma, nyuma kidogo, hapo pana shimo," na yeye anamjibu, "shimo nalijua, wewe angalia goti."

Ilse alikuwa anapiga picha na kuandika, halafu akaacha vyote viwili.

Basi wamefika. Karibu. Baba amesimama kwenye mstari wake na Mjomba amesimama kwenye wake, na mistari inakutana mahali ambapo Baba yupo. Kati yao kuna ufa kwenye lava, si mpana, mtoto angeuruka akiimba. Mjomba akivuka na kusimama alipo Baba, dohani itakuwa chini ya korongo sawasawa, na Clive atatikisa kichwa kukubali, na Ilse ataweka nukta. Hivi sasa alipo anasema dohani imekaa kushoto kidogo.

Mjomba alipogeuka kumkabili Baba alikuwa anahema. Ndege wanapita juu. Mimi nikafikiri, sasa hivi nitapasuka.

Kisha Baba akasema, akiniangalia mimi, "Muulize, mama yako alimwambia nini."

Nikafungua mdomo nimuulize. Mjomba akaniinulia fimbo ninyamaze. Alimsikia vizuri, kati yao pana upana wa meza tu. Akakubali kwamba hilo limetosha kuwa swali. Akajibu akiniangalia mimi vilevile, wazee hawa!

"Mwambie baba yako, alisema hivi: 'Mwambie Hartley aniite. Akiniita mwenyewe, napanda. Amenipa mgongo, anaangalia kamba tu, hajaniita.' Alirudia njia nzima. Na mimi sikuwa na muda wa kumwita mtu, mawimbi yalikuwa yanaingia. Nikamtupa ndani. Halafu nikangoja aniulize."

Baba amegeukia bahari. Koti linapepea. Nimemwona akijifuta uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayefuta maji ya chumvi. Nami nalia, sioni aibu, karatasi imelowa hapa pembeni. Mama alikuwa anasubiri kuitwa tu.

Honi ya meli imelia mara moja. Clive ameangalia saa. Ilse ameuliza kwa sauti ya chini, "Nichore?" Clive akasema bado, hawajakubaliana, mzee Ambrose hajasimama mahali penyewe.

Mjomba ameuangalia ufa. Goti haliwezi bila mkono wa mtu wa upande huu. Desmond kanyoosha wake kwa nyuma, Mjomba akaukataa. Amesimama tu, mikono miwili juu ya fimbo, anamtazama Baba mgongoni.

Baba kageuka. Kaona. Kaniambia mimi, "Mwambie avuke."

Na mimi, ambaye tangu kuzaliwa sijaacha kupeleka ujumbe wa mtu yeyote kisiwani hapa, nimemjibu, "Mwite mwenyewe, Baba."

Honi ya pili. Desmond ananitazama kama nimerukwa na akili. Ilse ameshika kalamu hewani. Baba ameangalia chini, ameangalia meli, na sasa anamwangalia Mjomba Ambrose usoni kama alivyokuwa akimwangalia kutoka kwenye kasia lake. Amenyoosha mkono juu ya ufa. Midomo inatikisika. Bado hajasema, na sisi wote hapa juu tumenyamaza ili asikike. Naweka kalamu chini.